Siku Niliyomsahihisha Babu

Assalaam aleikum mdogo wangu Idil,

Hapa Isiolo sote tuko salama, alhamdulillahi, na yule mbuzi wako amezaa mapacha. Umeniuliza kwa nini Babu hachezi tena karata nasi.

Kosa ni langu. Nilikuwa nimeandika sheria zote za mchezo kwenye daftari na kuzikariri kama somo. Ijumaa moja, mbele ya wageni kutoka Kulamawe, Shangazi Halima alianza na kopa, Babu akaweka uru, nyekundu kama kopa. Wengine nao wakaweka uru, ingawa kopa walikuwa nazo, kana kwamba ndivyo mchezo ulivyoanza.

"Babu, hiyo si kopa!" nikasema. "Lazima ufuate!"

Shangazi alinifinya paja, lakini nilikuwa nimeshasema. Babu aliisogeza karata karibu na jicho, akaitazama sana.

"Kumbe," akasema. "Mmenificha tangu lini?"

Akaziweka karata zake chini.

Siku hizi nikimwomba acheze, husema, "Cheza na wenye macho, mama." Husogeza kiti karibu na mkeka wetu, akasikiliza. Nikishinda, huniuliza nimeshinda kwa karata gani, nami huona aibu kumjibu.

Dada yako,
Sahra