Kidaka cha Mama

Kariakoo, Jumatatu

Kaka Mbaruk,

Shikamoo. Huku joto limezidi, na maghorofa yametubana pande zote. Lakini ndani ya kijumba chetu bado kuna ubaridi, maana zile kuta nene za mawe hazijali jua.

Ile plasta ya saruji uliyotuagiza, wewe ukiwa huko Maskati, tupige ukutani ili nyumba ipendeze, tumeibandua. Mawe yale yamezoea chokaa. Chini ya saruji yalikuwa yanatoa jasho, na boriti za dari zimeanza kuoza. Fundi Bakili alicheka: "Dada, mmeivalisha nyumba nailoni, itapumua vipi?"

Kumbe mafundi wa mwanzo, wale waliopiga saruji, waliziba na kidaka cha chumbani kwa Mama, kile kishimo cha ukutani alichokuwa akikuwekea chakula ukichelewa kurudi kutoka madrasa. Mwaka mzima Mama alikuwa anakwaruza ukuta pale kwa kucha, mimi nikidhani ni maradhi yake ya kusahau. Nilimgombeza, Mungu anisamehe.

Sasa kidaka kiko wazi na Mama ametulia. Jina langu halikumbuki tena, ananiita "mtoto wa watu". Lakini kila jioni anapakua sahani, anaifunika kawa, anaiweka pale kidakani. "Ya Mbaruk hiyo, isiguswe."

Akisinzia, naila mimi. Asubuhi anaikuta tupu, anafurahi: "Mwanangu amekula."

Nimechoka kula chakula chako, kaka. Njoo ule mwenyewe.

Nduguyo,
Fakhriya