Nafasi ya Borka Katika Mstari

Jumatatu, 17 Juni 1996

Kwako mpendwa Borka,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na zamu ya alfajiri haijakumaliza nguvu. Nilisikia kwenye kituo cha treni kwamba mwezi wa Aprili vidole vyako vilipasuka kwa maji baridi ya kiwanda cha kuku. Je, vimepona? Na hapo bwenini, mnalala wangapi chumba kimoja? Mimi mwili hauna neno. Nyumbani hawajambo. Baba amemaliza kupanda miche ya pilipili na sasa analalamikia mgongo. Bibi anasema mgongo huo ulianza kuuma siku ile ile alipooa, wala haujapumzika tangu hapo.

Sijakuandikia tangu Machi, na sina udhuru. Nimeifungua shajara yangu hapa mezani ili nisikosee tarehe, nami nitakueleza ya shuleni kwa mpangilio, maana najua utakuwa umesikia vipande vipande tu.

Jumamosi, tarehe 4 Mei, tulifanya msafara wa kuaga. Kidato cha tatu walijaza maua ya lilaki kila chumba, ngazini na hata kwenye ndoo za kuzimia moto. Tulitembea kama walivyotembea waliotutangulia, mkoba mdogo begani wenye mkate, chumvi na konzi ya udongo, na mkono wa kushoto juu ya bega la aliye mbele. Mstari ulipangwa kwa urefu, kwa hiyo wewe ulipaswa kuwa mbele yangu. Mwalimu Ilka hakuturuhusu kuziba. Alisema nafasi ya Borka ibaki wazi, na asiyependa aende kwake kulalamika. Basi nilipita vyumba kumi na viwili mkono wangu ukiwa hewani. Gellért, aliyenishika bega kwa nyuma, aliniambia nionekanavyo ni kama mtu anayesimamisha lori barabarani. Baadaye kidogo akauliza, "We Hajnal, mbona unatetemeka? Tunaagwa tu, hatupelekwi kunyongwa." Nikamwambia afunge domo. Badala ya kulifunga akaanza kuimba kwa sauti yake ile ya mlango usiotiwa mafuta, na wazazi waliojipanga ukutani wakawa wanacheka huku wanajifuta machozi.

Ubao wa picha za darasa letu uko kwenye dirisha la duka la viatu, barabara kuu. Picha yako ipo, safu ya pili, ile uliyopigwa Oktoba ukiwa umekunja uso kwa sababu ya kola. Haikuwa rahisi iwepo. Makamu wa mkuu alisema mwanafunzi aliyeondolewa kwa utoro wa zaidi ya saa thelathini si wa darasa hili tena, na picha yake itolewe. Mwalimu Ilka akamjibu mbele yetu sote, "Sawa. Itoe na yangu basi, nayo imebandikwa kwa gundi hiyo hiyo." Makamu aliondoka masikio mekundu. Wanawake wakitoka sokoni husimama pale na kunyoosheana vidole. Siku moja nilimsikia mmoja akisema, "Huyu si binti wa Etelka? Kumbe alimaliza!" Mwenzake akamjibu kwamba hakumaliza, walimpotezea karatasi. Nilivuka barabara.

Mitihani ya kuandika ilianza tarehe 20 Mei, na ya mdomo ikaisha Jumatano iliyopita. Wote tumefaulu, hata Gellért. Kwenye hesabu aliwaambia watahini kwamba jibu analijua, ila njia ya kulifikia ndiyo imemkimbia, wakacheka wakampa alama mbili, ile ya chini kabisa ya kufaulu. Mama yake ameoka keki tatu kwa alama hizo mbili.

Sasa nifike Ijumaa, tarehe 14, siku ya kufunga shule. Baada ya hotuba na vyeti Mwalimu Ilka alituita darasani kwa mara ya mwisho. Alitugawia cheri ndani ya gazeti. Kisha akasema kwamba amemwandikia mkuu barua: ataendelea kufundisha hesabu, lakini hatakuwa tena mwalimu wa darasa, si mwaka ujao wala mwingine wowote. Tulimbishia. Gellért alimwambia, "Mwalimu, sisi ndio wabaya, wanaokuja watakuwa malaika." Yeye akatabasamu, akasema kwamba mwalimu anayepoteza karatasi ya mtoto, mtoto akafukuzwa kwa ajili hiyo, hafai kukabidhiwa watoto wengine. Alilisema kwa utulivu, kama mtu anayesoma matokeo ya hesabu aliyoirudia mara nyingi.

Borka, karatasi yenyewe unaijua. Wiki ile ya Februari ulikaa nyumbani na wadogo zako kwa sababu mama alikuwa amelazwa. Jumatatu, tarehe 12, ulishuka kwenye treni ukiwa umechelewa, ukanipa cheti cha daktari wa kijijini kwenu nikipeleke kwa Mwalimu Ilka, nawe ukakimbilia hospitali kabla ya saa za kutazama wagonjwa kwisha. Ulinipa mimi kwa sababu vyeti vya darasa zima nilivipeleka mimi, na sikuwahi kupoteza kimoja. Siku tano za kuwasilisha zikapita. Tarehe 4 Machi wakakuondoa. Ulipokuja kuniuliza, nilikwambia kwamba nilikiweka juu ya meza yake. Mama yako, akiwa bado anatembelea gongo, alisimama langoni akamwambia Mwalimu Ilka, "Ninyi vinawapotea vyeti vya maskini tu. Cha mtoto wa mwanasheria kingepotea?" Mwalimu Ilka hakujitetea. Alimwambia tu kwamba atatafuta tena.

Sikukiweka juu ya meza yake. Kilikuwa ndani ya shajara hii, kwenye ukurasa wa tarehe 12 Februari, na kimekaa humo miezi minne.

Ijumaa, tarehe 16, shule ilikuwa inapeleka jina moja kwenye shindano la historia la nchi nzima. Jina lilikuwa lako, mimi nikiwa wa akiba, na mwenye utoro usio na cheti hapelekwi. Nilitaka kicheleweshwe hadi Ijumaa tu, basi. Niliandika hata humu: "Ijumaa mchana, baada ya jina kwenda, nimpe." Jina lilipokwenda, Ijumaa mchana nilisimama mlangoni mwa chumba cha walimu, nikawaza ataniuliza kwa nini kimechelewa siku nne, nikageuka. Jumatatu nikageuka tena. Sikujua kwamba ulikwisha kuwa na saa kumi na mbili za nyuma, za zile asubuhi treni ilipokuacha. Nilipojua, ulikuwa umekwisha kuondolewa, na kila siku niliyonyamaza iliifanya siku ya kesho yake kuwa ngumu zaidi. Kwenye shindano nikawa wa saba, na wa saba ameingia chuo kikuu cha Szeged bila mtihani. Uliniletea pongezi kwa kadi. Ninayo.

Jumamosi nilikwenda kwa Mwalimu Ilka. Alikuwa uani anachambua maharage. Nilimpa cheti. Alikisoma pande zote mbili, akatazama muhuri, kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema, "Kumbe sikukipoteza." Akanisimulia kwamba alipekua makabati yote, na jalala la nyuma ya jiko la shule, na kwamba usiku mwingine aliamka akaenda kutazama ndani ya vitabu vya mumewe marehemu, ambavyo havijawahi hata kufika shuleni. Nililia. Yeye hakulia. Aliniambia niache, kwa sababu kulia kwangu hakumsaidii mtu, na Jumatatu saa mbili niwe ofisini kwa mkuu.

Leo nilikuwepo. Mkuu ameniandikisha kila kitu, na mambo ya shindano nimeyaandika pia katika barua ya pili itakayopelekwa chuoni. Watakaloamua ni lao. Amesema uamuzi wa Machi utafutwa, kwa kuwa cheti ni halali, na kwamba unaweza kufanya mitihani Oktoba pamoja na wanaorudia, au kukaa tena kidato cha nne kuanzia Septemba. Sahihi yako inahitajika, na ya mama. Uje Alhamisi, tarehe 20, saa nne asubuhi. Mwalimu Ilka atakuwa nawe. Ameniomba nikwambie kwamba hesabu za kidato cha nne mtazipitia nyumbani kwake Julai na Agosti, siku yoyote utakayopata nafasi.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Mimi pia nimeitwa Alhamisi, ila nitakaa kwenye benchi la upande wa maktaba, usilazimike kupita karibu nami.

Gellért anakusalimu na anasema Oktoba atakukopesha alama zake mbili. Bibi anakusalimu, hajui bado. Salamu kwa mama yako sizitumi. Msomee kwanza barua hii, yote, na mahali nilipoandika juu ya yale ya langoni usiruke.

Ni mimi niliyekaa nawe dawati moja miaka minne,

Hajnal