Zibeni Mapengo

We, uko? Sikia haya.

Bosi leo kamzaba kofi yule mama anayetupigia pasi hapa kiwandani. Kofi! Mbele ya mafundi wote! Eti kaunguza kola ya shati. Mama mtu mzima, rika la mama yangu na wako.

Na cherehani hata moja haikusimama.

Punde adhuhuri ikaingia. Huyo huyo katia udhu, kasimama mbele kutuswalisha kama kawaida yake. Kwa mkono ule ule!

Nikashindwa. Nikamwambia, "Bosi, kamwombe mama radhi kwanza." Fundi mkuu, yule mcha Mungu wetu, akanivuta shati: "Wewe chukia moyoni tu, inatosha."

Moyoni? Nikamwambia moyoni ni kwa asiyeweza kusema, wewe ulimi unao, kutwa unasengenya watu nao!

Nikatoka kwenye safu.

Bosi akageuka, akasema kwa ile sauti yake ya asali, "Zibeni mapengo."

Wakasogea wote, bega kwa bega. Wakaziba pale nilipokuwa nimesimama, utadhani hapakuwahi kuwa na mtu.