Mwache Adelina Aimbe

Bukoba

Mdogo wangu Fidelisi,

Marahaba, najua ungeniamkia tu. Hujambo na watoto? Mpunga huko kwetu Katindiuka umekaribia kuvunwa, au ndege wamekutangulia? Mimi huku kwa binti yangu ni mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika. Ndizi nimekula mpaka nakaribia kuota majani.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Unasema kaseti ya marehemu dada yetu Adelina ina shetani, ananong'ona kabla wimbo haujaanza, na ukishavuna unachoma sanduku zima la kaseti zangu. Fide, ndevu zote hizo unaogopa kaseti? Nisikilize mimi, mkurugenzi. Wenye kampuni za kaseti Dar walikuwa na maghorofa. Mimi nilikuwa na redio ya kurekodia, betri ya trekta, na ghala la baba ndiyo studio. Magunia ya mpunga tunayapanga ukutani, mwangwi unakufa kabisa. Mpunga ukiuzwa, kampuni inafungwa mpaka mavuno. Mzungu gani alikuwa na studio ya kuliwa? Pale stendi ya Mkula madereva wa mabasi walikuwa wanagombania kaseti zangu, abiria wanaungua juani!

Sasa huo mnong'ono. Utepe ukikaa umeviringwa miaka mingi, sauti inapenya kwenye utepe ulioulalia. Ndiyo maana unamsikia Adelina kwa mbali, halafu ndipo anaimba mwenyewe. Si shetani. Ni yeye, amewahi.

Lakini siku ile uliponisikilizisha kwenye simu, nikamsikia anavuta neno la kwanza, kidogokidogo, halafu ukazima! "Kaka, umesikia? Umesikia?" Nimesikia. Tangu hapo nikichota maji, ananong'ona. Binti yangu akiongea, ananong'ona nyuma yake. Nasubiri aanze, haanzi. Habari za utepe nazijua kuliko mtu yeyote bonde zima, lakini huyu hayumo kwenye utepe, Fide. Yuko huku kwangu.

Na sauti yake nyingine hatuna. Usichome. Nipigie, weka simu karibu na redio, kaa hapohapo na woga wako, usizime mpaka amalize. Ukichoma kabla, atabaki mlangoni kwangu, haingii wala haondoki.

Msalimie shemeji, wali wake nauota. Na yule katekista uliyemwita aimwagie redio yangu maji ya baraka kumfukuza shetani wako, mwambie ikiharibika ataimba yeye.

Simu ninayo mkononi.

Kaka yako,
Kasimiri, mkurugenzi