Koti la Vieno

Marjut, nimewafokea watu kanisani. Ndiyo, mimi huyu nisiyesikika! Tena kwenye mazishi ya mume wangu!

Jeneza la Tapio lilishafika mlangoni, na unajua hatoki mtu kabla yetu wafiwa. Hapo ndipo mwanangu Vieno akaketi sakafuni kufunga vifungo vya koti lake. Peke yake.

Wifi yangu Raili akainama. "Lete nikufungie, mwanangu, watu wanaganda."

Nikamshika mkono. "Mwache."

"Nimwache? Kaka yangu yuko mikononi mwa watu!"

"Basi wangoje!"

Wangoje, Marjut! Kanisa zima lilisikia. Mchungaji akabaki anatazama viatu vyake.

Wewe unaijua mikono ya mtoto wangu, vidole visivyomtii. Unajua Kaisu wa tiba-kazi, anayemfundisha kuvitumia, alivyotusihi tusimfungie hata kifungo kimoja, hata tukichelewa. Na Tapio alichelewa kazini kila asubuhi, amesimama mlangoni na buti zake, anapiga mluzi, anamngoja. Leo ndiyo nimharakishe, ili baba yake azikwe upesi?

Raili akaninong'oneza, "Unatuaibisha."

"Aibika, wifi."

Vieno hata kichwa hakuinua. "Shangazi, baba huwa ananingoja."



Alipoinuka, koti lilikuwa limekwenda upande, kifungo kimoja kimeingia tundu la jirani. Raili akanyoosha mkono tena. Nikamtazama tu, akaurudisha mfukoni.

Tumemzika Tapio, na koti lilikuwa vilevile.