Kinga ya Gumba Moja

Jumatatu, 3 Machi

Bosi kashikilia palepale: katika gemu letu kujikinga kuwe kwa kitufe, juu ya padi ya kuchezea, mahali pa kidole cha shahada. Eti mchezaji akibonyeza, anajua kabisa amejikinga. Sikatai! Lakini kaka yangu cha shahada hana. Mashine ya kupasua mbao ilimwachia gumba na kidole cha mwisho, mkono wa kulia. Na ndiye aliyenifundisha gemu za kupigana nikiwa sijafikia urefu wa meza. Tangu ajali hajagusa padi.

Kitufe nikikisogeza karibu na gumba, gumba hilohilo ndilo linalopiga ngumi. Haliwezi yote. Ijumaa bosi anafunga mjadala.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Kujikinga kwa kurudi nyuma. Unasukuma kijiti cha padi kumkimbia adui – ngumi ikija, mpiganaji anainua mikono mwenyewe. Ni kazi ya mkono wa kushoto, na wa kaka ni mzima. Bosi kaniruhusu nijaribu, wala hakununa. Mbishi yule, ila ana roho nzuri.

Jumatano, 5 Machi

Wifi kamleta kaka ofisini kwa uongo: eti nina rafu ya ukutani ya kukazwa. Alipoona padi akataka kugeuza. Wifi akajaa mlangoni, mikono kiunoni – anayeondoka apite juu yake! Kaka akakaa.

Haikupita muda akawa anaitukana skrini. Kaka yule wa zamani! Kisha adui akamruka kichwani, akatua nyuma yake. Kaka bado kasukuma kushoto – na sasa kushoto ndiko aliko adui. Akajipeleka mwenyewe kwenye ngumi. Tena. Na tena.

Akaweka padi chini taratibu. Akasema, "Mimi nilijikinga, mdogo wangu, gemu ndilo halikunielewa." Kweli tupu. Nilijifungia chooni nikalia.

Alhamisi, 6 Machi

Imekaa sawa. Ukishajikinga, adui akikuruka, kinga inabaki mpaka uachie kijiti. Mchoraji wetu kauliza: si mtu atajikinga mpaka kesho? Thubutu! Adui anaweza kumkaba na kumbwaga, kinga au hapana. Na kila anaporudi nyuma, uwanja unamwishia.

Basi akachora upya mwili unaogeuka mikono ikiwa juu. Chakula cha mchana hakukigusa. Watu wema wapo jamani.

Ijumaa, 7 Machi

Kabla ya kuamua, bosi mwenyewe anacheza na kaka! Bosi kwa kitufe chake, kaka kwa kurudi nyuma. Kila mmoja kashashinda raundi moja. Naandika pembeni, nachungulia tu. Kaka kamwambia asimpunguzie.

Kelele za vitufe. Mpiganaji wa bosi kamruka wa kaka!

Wifi kapiga yowe. Kinga imeshika! Imeshika! Asante Mungu. Asante wifi na rafu yako ya uongo.

Bosi kapapasa kitufe chake, kakikosa, kala ngumi mfululizo. Kasimamisha mchezo. Anajikuna kidevu.

Sasa ananinyooshea padi yake bila kugeuka: nimwekee na yeye kinga ya kurudi nyuma, kwa raundi hii ya mwisho.

Kaka hajiwezi kwa kicheko. "Mwekee upesi, mdogo wangu! Safari hii namruka mimi –"