Namba Kumi na Saba

Ruse, 9 Novemba

Dada Rumyana,

Mama hajambo. Pilipili alizochoma zimejaa chupa arobaini, na zako ameziweka kando mpaka utakaporudi kutoka Italia.

Sasa nikueleze habari za mumeo. Kila fundi wa kuchomelea hapa karakanani ana namba yake, anayoigonga kwenye chuma kando ya kila kiungo alichochomelea. Yangu ni kumi na saba. Jumanne, nikifunga boila la kupasha joto shule ya watoto, niliikuta kwenye kiungo ambacho sikukigusa. Kilichomelewa siku niliyokuwa mazishini kwa mjomba.

Nikaanza kumtazama kila mtu kwa jicho baya. Lakini mchomeleo ulikuwa wa mkono wa kushoto, na mwenye mkono huo hapa ni Stamen wako peke yake.

"Shemeji, hii kazi ya nani?" nikamuuliza.

"Si namba yako hiyo? Umezeeka, unasahau hata mkono wako!" Alicheka, ila hakunitazama.

Nikalikata bomba lenye kiungo hicho kwa grinda mbele ya wote. Ndani mlikuwa na ufa wa kuingia kucha. Stamen akavua glavu, akaninong'oneza, "Mimi wangenifukuza. Wewe fundi wa siku nyingi wasingekufukuza."

Nilimtaja kwa msimamizi. Tangu siku hiyo hajaonekana nyumbani.

Akikupigia simu atakwambia nimemharibia kazi. Ni kweli, nimemharibia. Wewe muulize tu: ni viungo vingapi vingine alivyovigongea namba yangu, na viko wapi?

Kaka yako anayekosa usingizi,
Plamen